Tumbusi wa Kotile na Eropleni Isiyo na Mtambo

Yapata saa tatu na nusu ya asubuhi, jua likiisha kukausha umande na mchanga ukianza kuunguza nyayo, tumbusi wa Kotile huondoka mitini. Kabla ya saa hiyo hukaa kimya, mabawa yamekunjwa, mfano wa wazee wanaongoja baraza ifunguliwe. Kisha mmoja hujitupa, akapiga mabawa mara chache kwa taabu, maana ni ndege mzito wa kilo tano au zaidi. Afikapo mahali fulani juu ya uwanda mtupu huacha kabisa kupiga mabawa. Huyatandaza, huzunguka, na kila mzunguko humpandisha juu, hata baada ya dakika chache huonekana kama nukta ya wino iliyodondoka katika karatasi ya buluu.

Mchungaji wa Kisomali aliyelelewa upande huu wa Ijara ameliona jambo hilo tangu utoto wake, na mkulima wa Kipokomo ashikaye jembe kando ya mto Tana ameliona vile vile. Wengi hutazama tumbusi kwa haja zao tu, kama vile kujua mahali alipoangukia mnyama aliyepotea. Lakini atazamaye kwa makini hana budi kujiuliza: ndege huyu hupata wapi nguvu ya kupanda, ikiwa hafanyi kazi yo yote?

Jibu la swali hilo limezaa mchezo mmoja ambao hupendwa sana katika nchi nyingi, na ambao kwetu bado ni mgeni. Watu hupanda na marafiki zao juu ya mteremko wa kilima, kila mmoja amechukua eropleni ndogo isiyo na mtambo wala propela. Huitupa kwa mkono mbele ya upepo, kisha huiongoza kwa redio. Eropleni hiyo yaweza kukaa hewani nusu saa, saa nzima, au zaidi ikiwa upepo haukukatika, pasipo kutumia hata tone moja la petroli.

EROPLENI YENYEWE

Eropleni za namna hii si za ukubwa mmoja. Nyingi huwa na mabawa yenye urefu wa mita moja na nusu hadi mita tatu, toka ncha hata ncha. Zamani zilijengwa kwa balsa, mti mwepesi mno utokao Marekani ya Kusini, zikavikwa karatasi nyembamba. Siku hizi hutumika pia povu gumu, mfano wa lile wafungialo redio mpya katika maboksi, na kwa zile za thamani, nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi. Povu halina uzuri wa kutazama, lakini likianguka juu ya jiwe huruka kama mpira na kurudi kazini, na kwa sababu hiyo mwanafunzi huanzia hapo.

Ndani ya tumbo la eropleni mna betri, kipokezi cha redio, na mota mbili au zaidi, kila moja ndogo kuliko kiberiti. Mota hizi hazisukumi eropleni mbele. Kazi yao ni kuvuta na kusukuma vibao vya mkiani na vya nyuma ya mabawa. Kibao cha mkia kilalacho huinua pua au kuiinamisha, na kile kisimamacho hupeleka pua kushoto au kulia kama usukani wa jahazi. Vibao vya mabawa huilaza eropleni upande ili ipate kugeuka. Mwendeshaji aliyesimama kilimani hushika mikononi kisanduku chenye vijiti viwili, na kila asogezapo kijiti kwa kidole gumba, amri hupita hewani na kibao hutii papo hapo.

Fikira ya kuamuru chombo kwa redio si ya jana. Mwaka 1898, katika mji wa New York, Nikola Tesla aliwaonyesha watu mashua ndogo iliyokwenda na kugeuka majini bila kamba wala mtu ndani yake. Miaka mingi baadaye redio za namna hii zilipoanza kuuzwa madukani, zilileta shida moja ambayo iliwafunza wenye mchezo adabu. Kila redio ilitumia mkondo wake wa mawimbi, na watu wawili wakiwasha mkondo mmoja kwa wakati mmoja, eropleni iliyo hewani ilichanganyikiwa na kuanguka. Kwa hiyo kilimani palisimamishwa ubao wenye vibanio, kama vile vya kuanikia nguo, kila kibanio na namba ya mkondo wake. Hapana aliyeruhusiwa kuwasha redio kabla ya kuchukua kibanio chenye namba yake. Kibanio kikiwa hakipo, mtu alikaa chini na kungoja zamu. Redio za sasa hujitafutia nafasi zenyewe na ubao umekuwa jambo la kale, lakini wazee wa mchezo bado hawamwamini mtu awashaye redio bila kuuliza kwanza ni nani aliye hewani.

UPEPO UPANDAO

Eropleni isiyo na mtambo kwa hakika huanguka wakati wote. Yaanguka polepole na kwa adabu, ikienda mbele mita kumi au kumi na tano kwa kila mita moja ishukayo, lakini haikomi kuanguka. Siri ni kuiweka ndani ya hewa inayopanda upesi kuliko yenyewe inavyoshuka. Ndivyo mtu ashukavyo ngazi ya gari la moshi huku gari lenyewe linapanda mlima: ameshuka vidato viwili, lakini yuko juu kuliko alipokuwa.

Kilima hutengeneza hewa ya namna hiyo bure. Upepo uvumao juu ya uwanda ukikuta mteremko hauna njia ila kuupanda. Wenye kupenda hesabu waipime hivi. Upepo wavuma mita 6 kwa sekunde, yaani upepo wa kutikisa matawi madogo ya mti. Mteremko wapanda mita 1 kwa kila mita 4. Basi hewa iliyo karibu na mteremko yapanda kadiri ya mita moja na nusu kwa sekunde. Eropleni nyepesi hushuka kama sentimita 60 kwa sekunde. Toa hizo, zasalia sentimita 90 za faida, na kwa dakika moja eropleni imepanda zaidi ya mita 50, na mwenyewe hakufanya lo lote ila kuielekeza pua penye upepo.

Mabaharia wa Lamu huuita upande upepo utokako joshini, na upande uendako demani. Maneno hayo mawili yangewafaa sana warusha eropleni, maana furaha yao yote iko joshini na hasara yao yote iko demani. Hewa ikiisha kuvuka kilele cha kilima huporomoka upande wa pili na kujipindapinda, kama maji ya Tana yafanyavyo nyuma ya gogo kubwa lililozama. Eropleni ikipeperushwa huko hutupwa chini kwa nguvu, na mara nyingi mwenyewe huona mkia tu ukitoweka nyuma ya ukingo. Hapo ndipo faida ya marafiki huonekana kwanza. Mmoja hubaki amesimama akielekeza mkono pale alipoiona mara ya mwisho, asiuondoe hata akichoka, na wengine huufuata mstari wa mkono ule vichakani mpaka waipate. Atokaye peke yake hupoteza eropleni nyingi.

Ziko amri nyingine ambazo marafiki hufundishana. Kila kugeuka kuwe kwa kuipa kilima kisogo, wala si kuelekea kilimani, kwa kuwa eropleni ikipewa upepo mgongoni mbele ya mwamba huenda mbio kuliko mwenyewe anavyodhani. Mmoja akirusha, asiseme naye mtu juu ya mambo mengine. Anayetaka kutua na apaze sauti, wenzake wampishe. Kutua ndiko kugumu kuliko yote, maana upepo ule ule uliokuwa rafiki sasa hauitaki eropleni ishuke. Mwanafunzi huzunguka mara tano, mara sita, kila mara akiinuliwa tena, na wenzake humcheka, kisha humsaidia.

Wako hata waliojifunza kuutumia ule upande mbaya wa demani. Huzungusha eropleni mbio baina ya upepo mkali wa juu ya ukingo na hewa tulivu iliyo nyuma yake, na kila mzunguko huongeza mwendo. Kwa njia hiyo, mwezi wa Januari 2021, Mmarekani mmoja aitwaye Spencer Lisenbee aliendesha eropleni isiyo na mtambo huko California ikafika mwendo wa kilomita 882 kwa saa, karibu sawa na mwendo wa ndege kubwa zichukuazo abiria. Huo si mchezo wa mwanafunzi, wala si wa kufanyia mahali wapitapo watu.

WALIOTANGULIA

Kabla eropleni hizi hazijawa ndogo zilikuwa kubwa, na waliozirusha walihatarisha shingo zao. Mjerumani Otto Lilienthal alijijengea kilima cha udongo karibu na Berlin mwaka 1894 ili ajitupe kutoka juu yake akiwa amejifunga mabawa. Aliruka mara nyingi sana, hata mwezi wa Agosti 1896 akaanguka na kufa. Ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, walisoma habari zake, wakajifunza kwa eropleni zisizo na mtambo juu ya vilima vya mchanga miaka mitatu kabla ya kutia mtambo mwaka 1903. Orville alirudi vilimani pale mwezi wa Oktoba 1911 na kukaa hewani dakika 9 na sekunde 45 kwa nguvu ya upepo tu.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walizuiwa kujenga eropleni za vita, na mitambo ikawa shida kuipata. Vijana wao walipanda mlima uitwao Wasserkuppe, ambako mashindano ya eropleni zisizo na mtambo yalianza mwaka 1920. Kufikia mwaka 1922 mmoja alikuwa amekaa hewani zaidi ya saa moja, na mwenzake zaidi ya saa tatu. Walichokuwa wamejifunza ni kile kile ajuacho tumbusi.

Na katika Afrika ya Mashariki tumbusi mwenyewe alipata mwanafunzi. Mwingereza Colin Pennycuick, mtaalamu wa elimu ya viumbe, alifanya kazi Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1960, kisha Serengeti mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alikuwa na eropleni ya mabawa marefu yenye mtambo mdogo, ambao aliweza kuuzima akiwa angani. Aliondoka chini, akazima, akawafuata tumbusi, kongoti na wari hewani, akizunguka walipozunguka na kuteremka walipoteremka. Habari alizozichapisha mwaka 1972 zilionyesha kwamba ndege hawa husafiri mbali kwa kupanda ndani ya hewa ya moto, kisha kuteleza mpaka hewa nyingine ya moto na kupanda tena, hivi hivi, bila kuchosha mabawa yao. Mwaka mmoja tu baadaye, tarehe 29 Novemba 1973, tumbusi wa jamii ya Rüppell aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan, kwenye kimo cha futi 37,000. Huko juu binadamu asiye na hewa ya kopo hawezi kuishi.

Atakaye vilima katika Kenya hana shida ya kuvipata. Ngong yapokea upepo wa mashariki kutoka uwanda wa Athi, na mitambo mikubwa ya kufua umeme kwa upepo, ambayo ya kwanza ilisimamishwa mwaka 1993, yaonyesha kwamba upepo huo si wa kubahatisha. (Mitambo yenyewe ni ya kukaliwa mbali sana na mwenye eropleni.) Ukingo wa Elgeyo, pale Iten, umejulikana kwa watu warukao na mabawa ya kitambaa wakati wa kiangazi cha Januari na Februari, wakielea juu ya Bonde la Kerio lililo chini yao zaidi ya mita 1,000.

KOTILE HAKUNA KILIMA

Kotile iko katika tambarare. Mtu asimamaye pale akitafuta mteremko ataona ukingo wa mto, kichuguu, na labda paa la shule. Basi je, mchezo huu ni wa watu wa milimani tu? Tumbusi hasemi hivyo. Yeye hupanda Kotile kila siku ya jua, na hapana kilima kinachomsaidia.

Jua lipigapo ardhi halipashi mahali pote sawasawa. Mchanga mtupu, njia ya gari, shamba lililofyekwa na uwanja wa boma la ng'ombe hupata moto upesi. Msitu wa kando ya mto na penye majani mabichi hubaki baridi. Hewa iliyo juu ya mahali pa moto huwa nyepesi, hungoja kidogo kana kwamba imeshikwa na ardhi, kisha huachia na kupanda kama nguzo. Kijana wa Kotile ameiona nguzo hiyo mara nyingi bila kuipa jina. Ni ile ile inayookota vumbi, majani makavu na karatasi na kuyazungusha kama chamchela katikati ya mchana. Ikiwa hapana vumbi, haionekani, lakini ipo.

Kwa kuwa hapana mteremko wa kutupia, eropleni yapandishwa kwa njia nyingine. Ya kwanza ni kamba. Mpira mrefu hufungwa kwenye kigingi, kamba nyepesi ikaungwa mbele yake, eropleni ikavutwa nyuma na kuachiwa. Hupanda kama tiara, kisha hujifungua juu. Ya pili yapendwa zaidi na vijana, kwa kuwa haihitaji cho chote ila mwili wenye nguvu. Eropleni ya mita moja na nusu, yenye uzito wa robo kilo hivi, hushikwa kwa ncha ya bawa. Mwenyewe huzunguka mara moja kwa mwili wote kama atupaye kisahani cha michezo, akaiachia. Mtupaji hodari huipeleka mita 50 juu.

Sasa hesabu yaanza. Toka mita 50, kwa kushuka nusu mita kila sekunde, kuna sekunde 100. Katika muda huo mdogo hapana budi kuipata hewa ipandayo, la sivyo eropleni iko chini na kazi yaanza upya. Mwenye kuongoza hutazama bawa. Likiinuka la kushoto pasipo amri yake, hewa ya moto iko kushoto, naye hugeuka huko mara moja. Wenzake hutazama kila kitu kingine: majani yanayotikisika, ubaridi wa ghafula shingoni, maana nguzo ya hewa ipandapo huvuta hewa ya pembeni kuja kujaza nafasi yake, na zaidi ya yote hutazama ndege. Mwewe akizunguka bila kupiga mabawa, swali limekwisha. Eropleni hupelekwa chini yake, na mara nyingi ndege na chombo huzunguka pamoja. Mtoto wa mfugaji aliyefunzwa kutazama anga kwa ajili ya mvua na ng'ombe, huliona jambo hili upesi kuliko kijana wa mjini mwenye eropleni ya thamani mara kumi.

Wakati mzuri ni siku kavu zenye upepo mdogo. Kusi ikivuma kwa nguvu huikata nguzo ya hewa na kuilaza, na eropleni iliyoifuata hujikuta imekwenda mbali upande wa demani, ambako kuna miiba na hapana njia.

MBINGU YA GARISSA

Mpaka hapa habari imekuwa ya upepo. Lakini kijana wa Kotile akitamani jambo hili, upepo si shida yake ya kwanza.

Watu wa Garissa hawakusahau tarehe 2 Aprili 2015, waliposhambuliwa wanafunzi wa Chuo Kikuu mjini Garissa na kuuawa watu 148. Mwaka ule ule majeshi ya serikali yalianza kazi katika msitu wa Boni, ambao wapakana na Ijara. Katika nchi iliyopata mambo hayo, kitu kidogo kisicho na sauti kinachozunguka hewani si mchezo machoni pa askari wala pa mama aliye mlangoni mwake. Mama huyo hajui kwamba ndani yake hamna ila betri na mota mbili. Anachoona ni kwamba kuna mtu amesimama kichakani na kisanduku mkononi, na kitu kiko juu ya nyumba yake. Hofu yake ni ya haki.

Sheria nayo iko. Kanuni za Kenya za mwaka 2020 juu ya vyombo virukavyo bila rubani husimamiwa na Halmashauri ya Usafiri wa Ndege. Chombo cha namna hiyo huhitaji ruhusa na kuandikishwa, na kukiingiza nchini bila kibali ni kosa. Kisipande zaidi ya futi 400 juu ya ardhi, yaani kama mita 120, wala kisitoke mbele ya macho ya mwenye kukiongoza. Kikae mbali na viwanja vya ndege na mikusanyiko ya watu.

Hapo penye futi 400 ndipo penye jaribu kubwa kuliko yote. Eropleni ikiisha kuingia katika nguzo nzuri ya hewa yaweza kupita kimo hicho kabla mwenyewe hajamaliza kufurahi. Kila alichokitafuta asubuhi nzima sasa amekipata, na sheria yamwambia aache. Haina budi kuinamishwa pua, kufunguliwa vibao vya kuvunja mwendo, na kutolewa kwa nguvu katika hewa inayoipenda. Wengi hupata shida hapo. Rafiki mwenye kipimo cha kimo, ambacho siku hizi huweza kuwekwa ndani ya eropleni na kusema kwa redio, ndiye apasaye kusimama karibu na mwendeshaji na kumwambia bila kumwonea haya.

Kuna na jambo la wanyama. Karibu na Kotile iko hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, ambamo mwaka 2012 hirola 48 walitiwa ndani ya boma kubwa la waya ili wapone na simba, chui na mbwa mwitu. Asili ya hirola ni nchi hizi za mpaka wa Kenya na Somalia tu, na idadi ya waliobaki nyikani yakisiwa kuwa chini ya 500. Mnyama aliyezoea kutafutwa na tai akiona kivuli cha mabawa hukimbia, na ndama hutengana na mama yake. Eropleni haina kazi juu ya boma lile, wala juu ya ng'ombe waliofika mtoni kunywa.

Basi vijana wanaotaka kuanza huwa na safari kadhaa za kufanya kwa miguu kabla ya eropleni kufanya hata moja. Waende kwa chifu, waende kituo cha polisi, wawaendee wazee wa kijiji na walinzi wa hifadhi, na kila mahali wakifungue chombo mezani, waonyeshe tumbo lake, wamwache mzee akishike na kukipima uzito kwa mkono. Kamera isitiwe. Siku, saa na mahali pajulikane, na pawe ni uwanja wazi ambapo kila mtu aweza kuja kutazama. Kikundi cha watu watano wanaojulikana kwa majina, wakiwa peupe, hakifanani na mtu mmoja kichakani. Kibali cha Nairobi ni karatasi njema, lakini hakimtulizi mama aliye mlangoni, naye asipotulia mchezo hautadumu hata juma moja.

KAMA TUMBUSI HAWAPO

Limesalia neno moja ambalo huwahusu hata wale wasiotaka kushika eropleni maisha yao yote. Mwaka 2015 wataalamu wa dunia waliwaweka tumbusi wa aina nne za Afrika, pamoja na tumbusi mgongo-mweupe na yule wa Rüppell, katika daraja la viumbe walio karibu kabisa kutoweka. Sababu moja kubwa ni sumu. Fisi au simba akiua ng'ombe, mwenye ng'ombe hutia sumu ya shambani katika mzoga ili alipize. Fisi labda hufa, labda hafi. Tumbusi, kwa kuwa huonana kutoka mbali na hushuka kwa makumi, hufa wengi kwa mzoga mmoja. Mizoga iliyokuwa ikimalizwa kwa saa chache hubaki kunuka, mbwa hula, nzi hujaa, na maradhi hukaribia kisima.

Hasara ya mrusha eropleni ni ndogo ukiilinganisha na hiyo, lakini yaonekana mara moja. Hutazama juu saa nne ya asubuhi na kukuta anga safi isiyo na nukta hata moja. Hewa ya moto yapanda kama jana, ila hapana wa kuionyesha. Hutupa eropleni, huhesabu sekunde zake 100, hutua. Hutupa tena.

Jioni, kama saa kumi na moja, ardhi huanza kupoa na nguzo za hewa huisha moja baada ya nyingine. Eropleni ya mwisho hurudi chini yenyewe, hata kama mwenye kuiongoza bado ana hamu. Wenye mchezo huondoa mabawa, hufuta vumbi, huhesabu mota na vibanio, na anayekaa mbali hupewa nafasi ya kwanza kwenye pikipiki. Ng'ambo ya uwanda, juu ya miti mirefu ya kando ya Tana, tumbusi waliobaki hushuka mmoja mmoja, miguu mbele, na kupigania matawi.